Uongozi wa Huduma za Afya ni Ujuzi na Amana

Kila mwaka vyuo vyetu huvisha majoho vijana waliosomea uongozi wa huduma za afya. Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambacho mwaka 1972 kiliundwa kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo na mwaka 2001 kikapandishwa kuwa chuo kikuu, hutoa shahada ya uendeshaji wa mifumo ya afya. Baadhi ya wahitimu wa fani hiyo huajiriwa kuwa Makatibu wa Afya katika hospitali na halmashauri. Wengine huingia katika mifuko ya bima, katika bohari za dawa na katika mashirika ya hiari. Siku ya mahafali wazazi hupiga vigelegele, nao wanastahili kufanya hivyo. Hata hivyo, umma ambao kodi yake imesaidia kumsomesha kijana huyo una haki ya kuuliza: anatakiwa ajue nini, na aweze kutenda nini, siku anapokabidhiwa funguo za ofisi?

Tunaona kwamba swali hili limeachiwa vyuo peke yao kwa muda mrefu mno. Vyuo hulijibu kwa orodha ya masomo na idadi ya mitihani. Kabwela hulijibu kwa njia yake. Yeye hupata jibu pale anapofika kwenye dirisha la dawa akaambiwa akanunue nje. Pale anaposimama kwenye foleni tangu alfajiri kwa sababu jalada lake halionekani. Pale mkewe anapopelekwa kujifungua na gari la wagonjwa likawa halina mafuta, ingawa makisio ya mafuta yalipitishwa. Katika mambo hayo yote, daktari aweza kuwapo na elimu yake ikawa timamu. Kilichokosekana ni uongozi.

Tuutazame mtaa mmoja wa Dar es Salaam, Chang'ombe, katika Wilaya ya Temeke. Jirani yake ni Keko, kwenye maghala ya Bohari ya Dawa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Mwendo mfupi kutoka hapo ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Chang'ombe penyewe pana chuo cha ufundi stadi cha VETA, tena pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, kilichoanzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa chuo cha ualimu. Kwa watu wa visiwani sehemu hizi si ngeni. Mtu wa Mafia akivuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, akaishika barabara ya Kilwa kuja mjini, wilaya ya kwanza ya Dar es Salaam atakayoikuta ni Temeke. Na wako ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaoshuka bandarini wakiwa na barua ya rufaa mkononi, wakafikia kwa jamaa zao huko huko Keko, Temeke na Chang'ombe.

Sasa, fundi wa kuchomea vyuma aliyefunzwa Chang'ombe hupimwa kwa kiungo alichokiunga. Kikiachia, cheti chake hakimsaidii kitu. Mwalimu naye, kabla hajaitwa mwalimu, hupelekwa darasani kufanya mazoezi ya kufundisha, na mkaguzi hukaa nyuma ya wanafunzi akiandika. Je, mhitimu wa uongozi wa afya anapimwa kwa kitu gani? Sisi tunasema apimwe kwa rafu ya dawa, kwa daftari la fedha na kwa foleni ya wagonjwa. Hivyo vitatu havijui kusema uongo.

Zamani kazi hii ilikuwa na sura nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya madaraka kupelekwa mikoani mwaka 1972, nchi yetu ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusoma, kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Watu hukumbuka nyimbo na vyoo vya kampeni ile. Husahau kwamba ilibidi vitabu vifike vijijini kabla matangazo hayajaanza, viongozi wa vikundi wafunzwe kwa maelfu, na taarifa zirudi kutoka vijijini hadi makao makuu. Kazi hiyo yote ilikuwa kazi ya uongozi wa afya, na ilifanywa bila sindano hata moja.

Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, dawa za zahanati zilipelekwa katika makasha yaliyofungwa. Zahanati ya pwani yenye malaria nyingi ilipata kasha la namna ile ile iliyopelekwa katika nyanda za baridi. Utaratibu huo uliokoa watu wengi katika miaka ya dhiki, lakini haukumtaka mganga kukokotoa lolote. Alitakiwa kulifungua kasha na kutia saini. Miaka ya 2000 mambo yakageuzwa, kila kituo kikaanza kuagiza chenyewe kile kinachokihitaji. Kituo chenye mtu anayejua hesabu kilinufaika. Kituo kisicho na mtu wa namna hiyo kikabaki na rafu zenye dawa zisizotakiwa na upungufu wa zile zinazotakiwa.

Fedha nazo zilibadilika njia. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Mfuko wa Afya ya Jamii ukapata sheria yake mwaka 2001. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ukalenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ikaanza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja katika akaunti za vituo. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kila hatua katika hizi ilikuwa ya haki. Lakini kila hatua ilileta daftari jipya, na aghalabu daftari hilo liliangukia meza ya mtu yule yule: tabibu au muuguzi wa zahanati, aliyesomea kutibu na kuuguza. Amejikuta mweka hazina, mwagizaji, msimamizi wa watumishi na mwandishi wa taarifa. Saa moja anayoitumia kujaza hati ni saa moja ambayo mgonjwa anangoja benchini.

Hapo ndipo tunapomhitaji mhitimu wa uongozi wa afya, na hapo ndipo tunapodai awe na ujuzi ufuatao.

Kwanza, ajue bohari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunaongeza kwamba dawa bila daftari hupotea pamoja na watu. Tutoe mfano mwepesi. Tuseme zahanati imetoa dozi 600 za dawa fulani katika miezi 3. Karani mvivu atagawa kwa 3, apate 200 kwa mwezi, aandike maombi na kwenda zake. Lakini leja ikionesha kwamba katika miezi hiyo dawa ilikosekana mwezi mmoja mzima, basi dozi 600 zilitumika kwa miezi 2, na mahitaji ya kweli ni 300 kwa mwezi. Aliyeagiza kwa hesabu ya 200 ameagiza upungufu kwa mkono wake mwenyewe. Kipindi kitakachofuata dawa itakwisha mapema tena, na wananchi watailaumu Bohari ya Keko kwa kosa lililofanyika kwa kalamu ya karani.

Visiwani hesabu hiyo ina jambo moja la kuongeza, nalo ni bahari. Kusi likivuma kwa nguvu chombo chaweza kuchelewa siku kadhaa, na mgonjwa wa kisukari hawezi kuusubiri upepo. Kiongozi wa afya wa kisiwani lazima aweke akiba ya siku ambazo chombo hakitafika, ajue kuhifadhi chanjo katika ubaridi unaotakiwa, na ahakikishe kwamba dawa inayokaribia kuisha muda wake ndiyo inayotangulia kutoka. Ajizi ni nyumba ya njaa. Katika stoo ya dawa ajizi ni nyumba ya msiba.

Pili, ajue kuipanga fedha kufuata ugonjwa. Tunao ushahidi wa nyumbani. Kati ya mwaka 1997 na 2004, Wizara ya Afya ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, IDRC, iliendesha mradi katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Timu za afya za wilaya zilipewa takwimu za magonjwa yanayowaua watu wao na zana nyepesi za kulinganisha takwimu hizo na makisio ya fedha. Ikagundulika kwamba huko Morogoro malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika makisio ya mwaka 1996 ilikuwa imetengewa asilimia 5 tu ya fedha. Viongozi wale hawakuwa wabaya wala wavivu. Walikuwa wakiyanakili makisio ya mwaka uliopita. Walipoyapanga upya, wakaimarisha usimamizi wa zahanati na kupata nyongeza ya fedha isiyozidi dola 2 za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka, vifo vya watoto wa umri wa chini ya miaka 5 katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka 5 hivi.

Hatusemi kwamba kalamu peke yake ndiyo iliyookoa watoto hao. Vyandarua, dawa na juhudi za wazazi vilikuwa na sehemu yao. Tunasema kwamba wale wanaodai kila siku kwamba tatizo la afya ni fedha na fedha peke yake, waende wakasome habari za Rufiji. Fedha kidogo iliyoelekezwa panapostahili ilifanya kazi ambayo fedha nyingi isiyo na mwelekeo haifanyi. Mhitimu asiyeweza kuyaweka mezani makisio ya halmashauri na orodha ya vifo vya halmashauri, akaonesha zinapoachana, bado hajahitimu.

Tatu, aithamini takwimu kama silaha. Katika vituo vingi taarifa ya mwezi hujazwa ili itumwe, na ikishatumwa hakuna anayeitazama tena. Zanzibar imetufundisha njia bora. Baada ya juhudi za vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani na dawa mseto, malaria katika visiwa vile ilishuka hadi chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa katika uchunguzi wa jamii. Tangu mwaka 2012 umekuwapo utaratibu wa kituo kutoa taarifa ya kila mgonjwa wa malaria kwa njia ya simu, na mtumishi wa afya kumfuata mgonjwa hadi nyumbani, kuwapima watu wa nyumba ile na kutafuta chanzo. Takwimu pale haikwenda kulala kabatini; ilipanda pikipiki ikaenda shehiani. Huo ndio moyo tunaoutaka kwa kila mhitimu: kila nambari anayoiandika ajiulize itamfanya nani afanye nini kesho asubuhi.

Nne, ajue kuongoza watu. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulitikisa nchi nzima na kuwatesa wagonjwa wasio na hatia. Madai yaliyokuja kukusanyika mle yalikuwa mengi na mazito, lakini moja ya cheche za kwanza ilikuwa posho za madaktari wa mafunzo ya kazi zilizocheleweshwa. Posho iliyochelewa ni jambo la ofisi. Ofisi ikilala, jambo dogo hupata miguu, likaenda mpaka Bungeni. Kwa hiyo tunamtaka mhitimu anayejua kupanga zamu kwa haki, anayefuatilia upandishaji vyeo wa muuguzi aliye kisiwa cha mbali kama anavyofuatilia wa aliye makao makuu, anayejua kwamba mkunga asiye na nyumba ya kuishi atahama hata akilipwa vizuri. Ajue kusikiliza malalamiko yangali madogo.

Tano, ajue sheria, mikataba na madai ya bima. Siku hizi hospitali hupata sehemu ya fedha zake kwa kudai kutoka mifuko ya bima, na dai lisiloandikwa sawasawa hukatwa au hurudishwa. Daktari amemtibu mgonjwa, dawa imetoka, umeme umetumika, lakini kwa sababu ya saini iliyosahauliwa fedha haiji. Chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote makosa ya namna hiyo yatazidi mara nyingi iwapo hatutaandaa watu. Kwa upande wa Zanzibar, Mfuko wa Huduma za Afya umeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Huko nako, kwa fedha za mkopo nafuu zilizopatikana wakati wa UVIKO-19, zimejengwa hospitali 10 za wilaya, na sehemu ya uendeshaji imekabidhiwa mashirika binafsi. Anayemkabidhi mwingine kazi lazima ajue zaidi kuliko anayekabidhiwa, maana vinginevyo mkataba utasomwa na upande mmoja tu. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bila malipo miaka ya mwanzo ya Mapinduzi kwa ajili ya mnyonge. Mnyonge huyo hawezi kulindwa na ofisa asiyejua kusoma kifungu cha adhabu katika mkataba.

Sita, na hili vyuo husahau, ajue kuzungumza na wananchi. Kila zahanati inatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa watumiaji, na kila halmashauri ina bodi ya afya. Wajumbe hao ni wavuvi, wakulima, mama lishe na walimu wastaafu. Mhitimu akiwasomea taarifa iliyojaa maneno ya kigeni, watapiga makofi na kuondoka bila kujua fedha yao imekwenda wapi. Aieleze kwa Kiswahili safi: zimeingia kiasi gani, zimetoka kiasi gani, zimenunua nini, na zimebaki ngapi. Tena abandike karatasi hiyo ukutani, mahali mgonjwa anapoweza kuisoma akiwa amekaa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiongozi kuwa mwenye kiburi na mwenye kuwadharau anaowaongoza, na sisi hatujaona sababu ya katazo hilo kuzeeka.

Tunajua kwamba wako madaktari wanaosikia mambo haya kwa wasiwasi. Husema: huyu aliyesomea daftari hawezi kutuamuru sisi tuliosomea mwili wa binadamu. Wasiwasi huo una msingi, na lazima ujibiwe kwa heshima. Hakuna anayetaka Katibu wa Afya aandike dawa au aamue nani apasuliwe. Watu wa pwani wanaukumbuka utaratibu wa majahazi makubwa yaliyokuja na kaskazi: alikuwapo nahodha, na alikuwapo karani wa chombo aliyeshika hesabu ya shehena na ya abiria. Karani hakushika usukani, na nahodha mwenye busara hakukaa chini kuhesabu magunia wakati mawimbi yanapanda. Chombo kilihitaji wote wawili, na kila mmoja alijua mpaka wa kazi yake. Daktari bingwa anayetumia nusu ya siku kufuatilia hati za ununuzi wa mashuka ni hasara kwa taifa lililomsomesha. Na Katibu wa Afya anayegeuzwa kuwa mpokea wageni na mwandika barua za safari naye ni hasara.

Tukisema hivyo hatuusahau upande wa pili wa neno. Ujuzi wote tuliouhesabu hapo juu, ukiwekwa katika mikono isiyo na uaminifu, huzaa mwizi stadi. Anayejua leja vizuri ndiye anayejua pia jinsi ya kuificha dozi isionekane. Anayejua madai ya bima ndiye anayeweza kuandika mgonjwa ambaye hakufika. Wasomaji wetu waliokalia mkeka wa chuoni wanakijua kisa cha Nabii Yusuf. Alipoomba kusimamia hazina za Misri hakujinadi kwa nasaba wala kwa sura. Alitaja sifa mbili: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye kujua. Ndipo akaweza kuweka akiba katika miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya njaa. Angekuwa na sifa moja bila ya pili, Misri ingekufa njaa ghala zikiwa wazi. Dar es Salaam ina hospitali ya rufaa ya mkoa iitwayo Amana, kule Ilala. Jina hilo lingefaa liandikwe juu ya mlango wa kila stoo ya dawa, Bara na Visiwani.

Basi tunatoa mapendekezo yetu waziwazi, ili wanaohusika wasiseme hawakusikia.

Kwa vyuo: mwanafunzi wa uongozi wa afya asipewe shahada mpaka awe ameshika leja ya kituo halisi kwa miezi mfululizo, chini ya jicho la msimamizi. Afike Keko akaone shehena inavyopokelewa na kupangwa. Afike hospitali ya mkoa akae dirisha la dawa na chumba cha majalada. Kisha apelekwe kituo cha mbali, na miongoni mwa vituo hivyo viwemo vya Mafia, Unguja na Pemba, akajifunze maana ya chombo kuchelewa. Huko ndiko mtihani wa mwisho uwe, kama ulivyo kwa mwalimu na kwa fundi.

Kwa Serikali zetu mbili: afya si jambo la Muungano na kila upande una Wizara yake, lakini ugonjwa hauoneshi kitambulisho bandarini. Wizara hizi zikae pamoja zikubaliane kipimo kimoja cha ujuzi wa viongozi wa huduma za afya, ili barua ya rufaa na taarifa za mgonjwa anayevuka bahari zisomeke pande zote. Kwa upande wa Bara, mwaka 2017 Serikali iliagiza hospitali za rufaa za mikoa zitoke TAMISEMI zirudi Wizara ya Afya, wakati zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zikabaki kwenye halmashauri. Mpaka huo unahitaji watu wanaojua kuuvuka kwa mashauriano, ili mgonjwa asiwe mpira kati ya ofisi mbili. Tena Serikali iajiri. Hakuna maana ya kumsomesha kijana uongozi wa afya kisha akawa mtaani anauza vocha, huku tabibu wa zahanati akikesha na hati zisizokuwa za fani yake. Kama haiwezekani kila zahanati kuwa na mtu wake, basi mmoja ahudumie zahanati kadhaa za kata, azunguke kwa ratiba inayojulikana.

Kwa wahitimu wenyewe: msiikimbie stoo mkaitafuta ofisi yenye kipoza hewa. Fani yenu haijapata bado heshima inayostahili, na heshima hiyo haitapatikana kwa kudai vyeo. Itapatikana siku daktari atakaposema mbele ya wenzake kwamba tangu Katibu huyu alipofika, hajawahi kumwandikia mgonjwa dawa akaambiwa haipo.

Na kwa wananchi: kamati za zahanati na bodi za afya ni zenu. Hudhurieni vikao, ombeni leja ifunguliwe, ulizeni dawa iliyopokelewa mwezi uliopita iko wapi. Kiongozi mwaminifu hatachukia kuulizwa. Atafurahi kupata shahidi. Wale watakaochukia, waandikeni majina, na mpeleke habari zao kwenye vikao vya Chama na kwa Mkuu wa Wilaya, kwa sababu dawa wanayoichezea ni uhai wa watu.